Karameli za Harusi ya Kapinga

Jumatatu, 6 Julai

Asubuhi baridi kali. Vumbi limesimama hewani, jua limechelewa kuonekana. Maji ya bomba yalikuja alfajiri, nikajaza madumu yote. Nikafagia. Nikawasha mbabula, jiko letu la makala, yaani mkaa, nje ya mlango wa nyuma. Umeme hakuna tangu jana.

Karameli, jaribio la kwanza. Sukari bakuli moja, maji nusu bakuli. Shuleni, nilikosomea upishi, tulijifunza kwenye jiko la umeme: unageuza kitufe, moto unashuka. Mbabula haina kitufe. Na makala ya Mutshatsha, kwetu nilikozaliwa, ni ya miti migumu. Yakishika moto yameshika. Sukari ilipita kutoka nyeupe hadi nyeusi nikiwa bado natafuta kitambaa cha kushikia sufuria. Moshi nyumba nzima. Mado, binti yangu, alihamisha chai yake uani.

Nimejitakia mwenyewe. Kwenye kikao cha familia walisema kila mgeni wa harusi apewe mfuko mdogo wa karameli wakati wa kuaga, zinunuliwe Lubumbashi. Nikainua mkono: nitazitengeneza hapa hapa nyumbani. Kapinga, dada wa mume wangu, ndiye bibi harusi. Alicheka. Mama yao, mama mkwe wangu, hakucheka wala hakukubali. Anakaa kwetu tangu Pasaka.

Wao ni watu wa Kasai. Mimi mtoto wa Mutshatsha. Miaka yote hii niko kwao kama mtu wa kuandika hesabu za michango na kusoma karatasi za hospitali. Nataka kitu kimoja kilichotoka mkononi mwangu kiliwe kwenye harusi hii, na watu waseme: hiki ni cha mama Mado. Basi. Harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo.

Jumanne, 7 Julai

Jaribio la pili. Nilipunguza makala, nikayafunika kwa majivu. Moto mzuri, mpole. Sukari ikayeyuka, ikawa safi kama maji ya kunywa. Nikaenda getini kupokea mayai. Niliporudi, mchanga. Punje punje, nyeupe, kavu. Haikuungua. Iligeuka tu.

Sielewi.

Mume wangu anafanya kazi Kingamyambo, kule wanakosafisha upya mabaki ya zamani ya mgodi. Kapinga akachovya kidole ndani ya sufuria, akamwambia kaka yake: "Yaya, beba hii ku kazi. Kule banakamua hata takataka, batatoa mo kitu." Mume wangu alicheka mdomo umejaa. Mimi sikucheka.

Jumatano, 8 Julai

Twende kwa utaratibu. Vitu vitatu vinaweza kuwa na kosa: maji, sukari, sufuria. Leo maji. Nimeyachemsha, nikayachuja kwa kitambaa, nikayaacha yapoe. Yote mengine kama jana.

Mchanga. Nilikuwa nimeingia ndani kidogo tu, kukunja nguo.

Ijumaa, 10 Julai

Leo nimebadilisha viwili kwa mara moja, siku zinakwisha. Sukari ya Zambia, ile laini. Sufuria nimeisugua kwa majivu na ndimu mpaka nikajiona ndani yake.

Mchanga tena.

Nimelia ghalani, juu ya gunia la unga, kwa hasira. Si kwa huzuni. Sukari naichukia. Harufu yake imeingia kwenye nywele zangu.

Mama mkwe alinikuta pale. Akasema: "Sukari haina makosa. Ni weye unaacha nyungu ku moto peke yake, sawa mutoto haina mama." Nikaitika ndiyo mamu. Nikaenda kuosha sufuria.

Jumamosi, 11 Julai

Nimejua.

Niliweka sukari motoni, nikatoka kumwita Mado, nikarudi mapema kuliko siku zote kwa sababu alikuwa karibu tu. Mama mkwe alikuwa ameinama juu ya mbabula. Mkononi mwiko wa bukari, ule mkubwa tunaosongea ugali. Anakoroga sukari yangu kwa nguvu zake zote, anakwangua pembeni, anageuza kutoka chini. Alipoona nimefika akaniachia mwiko, akaenda zake, kama mtu aliyenisaidia.

Kanuni ya kwanza tuliyofundishwa: sukari na maji vikishaanza kuchemka, usiguse. Kijiko kimoja kikiingia, vyote vinarudi kuwa punje. Amekuwa akipita kila siku. Mimi nikaandika maji, sukari, sufuria. Yeye sikumwandika.

Hana ubaya. Hajawahi kuona chakula cha motoni kisichokorogwa. Bukari unakoroga, uji unakoroga, sombe ya majani ya muhogo unakoroga.

Na siwezi kumwambia aache. Hapo ndipo ninapokasirika zaidi. Kwetu mama yangu humfukuza yeyote jikoni kwa kelele, na watu hucheka. Hapa mke wa mtoto hamwambii mama wa mume wake usiguse sufuria yangu. Ukisema hivyo umesema unauogopa mkono wake kwenye chakula. Na mtu ambaye mkono wake unaogopwa kwenye chakula ana jina moja tu: mchawi.

Nikamwomba mume wangu amwambie yeye. Alikuwa anajiandaa kwa zamu ya usiku. "Mi niambie mama asikoroge? Unatafuta kikao ingine?" Akafunga viatu vyake.

Jumapili, 12 Julai

Nimedanganya. Nimesema kichwa kinauma, wakaenda kanisani bila mimi.

Sukari ilikwenda vizuri, hakuna aliyeigusa. Ikawa rangi ya chai, kisha rangi ya asali. Nilikuwa nasikiliza getini zaidi ya kutazama sufuria. Nikamimina maziwa ya baridi kwa haraka. Yakaruka. Sukari ikajikunja ikawa jiwe katikati ya maziwa, na mimi nimeungua kifundo cha mkono.

Leo siwezi kumlaumu mtu. Inauma vile vile.

Jumatatu, 13 Julai

Nimeharibu kila kitu.

Saa nne asubuhi. Maziwa nilikuwa nimeyapasha pembeni, yako tayari. Sukari imeanza kupata rangi. Nimesimama pale pale, sitoki. Mama mkwe akaja na mwiko, akaupeleka moja kwa moja, mbele ya macho yangu.

Nikapiga kelele: "Mamu, toa mukono yako mu nyungu yangu!"

Majirani walisikia. Kapinga alitoka ndani na nguo ya harusi mkononi, bado ina pini. Mama mkwe aliweka mwiko chini, polepole, juu ya jiwe. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Sasa mi njo mulozi, mama Mado?"

Nilipaswa kusema hapana. Neno dogo. Halikutoka, nilikuwa nimejaa sukari kichwani: kanuni, rangi, maziwa. Nilipopata kufungua mdomo alikuwa ameshaingia chumbani kwake. Na sukari iliungua.

Jioni hakula. Alisema ameshiba.

Jumanne, 14 Julai

Hakula asubuhi. Mchana alikula ndizi na mkate alioletewa na Kapinga. Jioni alichemsha viazi vitamu vyake kwenye moto wa jirani. Wa jirani! Sufuria yangu ilikuwa imejaa.

Nimepiga magoti mlangoni kwake nikaomba msamaha. Nikaeleza habari ya sukari. Alijibu: "Nimesikia." Kusikia si kukubali. Sahani niliyomwachia ilirudi vile vile.

Kapinga hanitanii tena. Hilo linanitisha. Alinishika uani: shangazi zake wanafika Ijumaa kutoka Kasai. Watamwona mama anakula kwa jirani, watauliza, na yeye Kapinga hatasema uongo. "Weye utasema sukari. Bao batasikia kitu ingine. Na karameli yako hakuna mutu atagusa." Alisema kweli. Nilimtazama usoni kwa chuki, na alikuwa amesema kweli.

Mume wangu anakula ameinamisha kichwa. Ningependa aseme hata jambo baya.

Jumatano, 15 Julai

Nimekaa na kufikiri kama mtu, si kama mtu mwenye hasira.

Kuna aina nyingine ya karameli. Maziwa, sukari, siagi na asali kidogo ya kuzuia punje, vyote pamoja tangu mwanzo, na unakoroga bila kupumzika. Usipokoroga inashika chini. Inatoka laini, haing'ai. Mwalimu wetu aliitaja tu na kuipita. Mimi niliikataa tangu siku ya kwanza kwa sababu haionekani kama kitu cha kusomewa. Nilitaka ile ngumu, ya kung'aa kama kioo. Nilitaka wajue nilisoma.

Upuuzi.

Nimenunua chupa ya asali sokoni kwa mama mmoja wa kwetu. Nimejaribu kidogo kwenye kikombe cha bati. Inashika. Lakini mkono, mkono! Kwa sufuria nzima sitaweza peke yangu, na kidonda hiki.

Alhamisi, 16 Julai

Baridi imepungua. Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni kwake akiota jua. Nikabeba mbabula nikaiweka mbele yake. Kopo la maziwa ya unga nililifungua machoni pake. Sukari nikamimina kutoka kwenye mfuko mpya machoni pake. Asali, siagi. Nikaanza kukoroga.

Nilikoroga mpaka kifundo kikawaka. Basi nikamnyooshea mwiko. "Mamu, mukono yangu imechoka."

Akautazama mwiko.

"Nikikoroga, si itaharibika?"

"Hii hapana, mamu. Hii kama hauikoroge njo inaharibika."

Akavuta kiti. Akabana miguu ya mbabula kwa nyayo zake, akakoroga kutoka chini, kama bukari ya watu wengi. Mimi nilitia makala na kutoa makala. Ya Jumatatu hatukuyasema. Alisema fundi amekata vitenge vya shangazi vifupi. Nikasema kweli, vifupi. Rangi ilibadilika taratibu, ikawa kama udongo wa barabara ya Mashamba mvua ikinyesha.

Tulimimina kwenye sinia lenye siagi, tukangoja, nikakata.

Katika familia hii anayetoa chakula huonja kwanza mbele ya anayepokea. Nikang'ata kipande katikati, nikatafuna, nikameza. Nusu nyingine nikaiweka kwenye kiganja na kumnyooshea. Kapinga, aliyekuwa uani, aliacha kufagia. Nilijua akisema ameshiba, yamekwisha.

Akakichukua. Kikamshika kwenye meno. Kwa muda hakuweza kufungua mdomo, akawa anatikisa kidole akitaka tungoje. Tukangoja, mimi na Kapinga, sote wawili tumesimama.

"Chumvi inakosa," akasema.

Nilikwenda kuchukua chumvi.

Sufuria ya pili tuliitia chumvi. Ni bora, lazima niseme. Ila hizi si karameli nilizoahidi. Ni laini, zinashika karatasi, na Jumamosi hakuna atakayesema ni za mama Mado. Watasema ni za mama wa bibi harusi, mke wa mtoto alimsaidia. Bado hilo linaniuma kidogo. Sukari iliyopotea inaniuma zaidi.

Jioni tulikula bukari na samaki, sote kwenye sinia moja. Mama mkwe aliomba aongezewe mchuzi. Nikamwongezea.

Kifundo nimekipaka asali iliyobaki. Mado amelala, mume wangu yuko zamu. Kesho shangazi wanafika. Nalala sasa, saa tatu na dakika ishirini.