Mteremko wa Mizabibu ya Baba

Shoga, nimekaa kwenye ngazi za kanisa, viatu vya baiskeli bado miguuni. Thibaud kaing'oa mizabibu ya baba.

Yote! Kaka yangu wa tumbo moja! Imerundikwa pembeni, mizizi juu.

Najua divai haiuziki siku hizi. Lakini kunificha mimi?

Unajua kila Jumapili klabu tunaupanda mlima ule polepole, na pale shambani kwa baba mimi lazima nisimame niitazame mizabibu. Leo asubuhi bwana mkubwa Thibaud akasema, "Tuzunguke kinyume, Maëlle, upande ule tuushuke. Goti lako lipumzike."

Nikamshukuru. Nikamkinga upepo bonde zima la mto, yeye kajibanza nyuma ya gurudumu langu!

Tunashuka kasi, nageuza shingo: udongo mtupu. Nikapiga kelele, "Thibaud, mizabibu iko wapi?"

"Usishike breki! Kuna watu nyuma yako!"

Usishike breki, Capucine. Ndivyo alivyonijibu.

Kufika chini nikamkamata shati. Anapangusa miwani, hata hanitazami: "Tungekuwa tunapanda, ungesimama ulie mbele ya klabu nzima. Ndiyo maana nikachagua mteremko."

Na mimi nilimwambia asante, shoga. Mara mbili. Kwa ajili ya goti.