Ardhi ya Deo, Anga Langu

Jumatatu, 10 Agosti 1987
Nasafisha picha za mazishi tangu asubuhi. Izigo, Izimbya, tena Izigo. Jeneza, watu, migomba nyuma yao. Mikono inanuka dawa hata baada ya sabuni. Mume wangu Deo amekaa dukani mbele, amevaa koti na kofia pamoja na jua lote hili la Bukoba. Kazi ni nyingi kuliko mwaka wowote na hakuna anayeifurahia. Zamani tulipiga harusi na ubatizo. Sasa mteja akiingia humuulizi kitu, unachukua begi na kumfuata.

Deo amekohoa mchana kutwa. Nimejifanya sisikii.

Alhamisi, 13 Agosti
Tumegombana. Mama mkwe ametuma ujumbe kutoka Kamachumu: anataka picha ya mwanawe. Kila nyumba kule ina picha ya mtu ukutani, na yeye mama wa mpiga picha hana. Ni kweli. Ya harusi ilibaki hapa studio wakati wa vita, mji ulipohamwa tukakimbilia Muleba. Deo alibeba kamera, akaacha picha. Tuliporudi, hata fremu haikuwepo. Tangu hapo yuko nyuma ya kamera tu.

Nikamwambia akae kwenye kiti nimpige mimi. Akakataa.

"Koku, hunipigi nikiwa hivi. Watakumbuka mifupa."

Nina hasira naye. Nina hasira zaidi na huu ugonjwa usiotajwa ndani ya nyumba. Redioni wanauita UKIMWI, mtaani Juliana. Yeye anauita homa.

Jumapili, 23 Agosti
Amekuja na mpango. Badala ya sura yake atampa mama picha ya Kamachumu, kutoka kwenye rweya, uwanda wa nyasi ulio juu ya nyumba yao, pale nyasi zinapoishia na mlima unaporomoka. Chini migomba, mbele ziwa na visiwa. Ameitaka picha hiyo tangu nimjue, na kila mara inamshinda. Ukipima mwanga wa migomba, anga linatoka jeupe kama shuka. Ukipima anga, bonde linakuwa shimo jeusi. Filamu haibebi vyote viwili.

Dawa yake ni kupiga mara mbili bila kamera kusogea. Ya kwanza ya ardhi, ya pili ya anga. Kisha chumba cha giza: unamulika ardhi kwenye karatasi huku umeziba juu kwa kadibodi, unabadili filamu, unaziba chini, unamulika anga. Alifundishwa na Mhindi aliyekuwa na studio hii kabla hajaondoka. Mimi sijawahi kufanya kwa mkono wangu. Kazi yangu ni kushika saa na kutoongea.

Anasubiri mawingu. Kiangazi hiki juu ya ziwa kuna vumbi tu. Kila asubuhi anatoka nje kutazama juu, kama mtu mwenye maharage shambani.

Jumamosi, 5 Septemba. Kamachumu
Mvua inanukia, ndiyo maana tumekuja. Shemeji Fidelis alibeba stendi ya kamera. Deo alipumzika njiani kila baada ya hatua chache na hakutaka ashikwe mkono. Koti lile lile, kofia ile ile.

Jioni mawingu yakasimama juu ya ziwa, makubwa, jua la mgongoni mwetu limeyawasha. Bonde chini lilishaingia giza. Akanisimamisha mbele kwenye nyasi, niwe kipimo.

"Mimi ndiye kipimo?"

"Simama hapo. Urefu wako ndio ninaoujua."

Nikanuna. Nikamtazama kwa jicho baya. Nikasikia kamera ikilia, ile ya ardhi. Halafu Deo akakaa chini, lakini si kwa kupenda.

Nikakimbia. Fidelis akashika stendi aikunje. Deo hana pumzi, midomo imepauka, akasema: "Wekeni mawe kwanza." Tukaweka mawe matatu, moja kwenye kila mguu wa stendi. Fidelis akaitia miguu hiyo alama kwa kisu, ili tujue ilirefushwa mpaka wapi. Kichwa cha stendi hatukukigusa. Ndipo akaturuhusu kumbeba.

Anga halikupigwa.

Jumapili, 6 Septemba
Mawingu mazuri kuliko ya jana. Hakuweza kuinuka. Nikasema niende mimi. Akasema kesho tutaenda wote. Sikwenda.

Jumanne, 15 Septemba
Bado anasema kesho. Mama anamlisha uji kwa kijiko, kidogo kidogo, unarudi. Habari za picha ya ukutani hazitaji tena.

Leo Deo ameongea sana. Kadibodi isitulie, niitikise kidogo, la sivyo mstari utaonekana pale ziwa linapokutana na anga. Nijaribu kwanza kwenye vipande. Nitazame nyasi za mbele, jua lilikuwa mgongoni mwake. "Kivuli changu kikiwa kimeingia, kikate. Mpiga picha kuonyesha kivuli chake ni aibu." Hiyo nimeisikia tangu nilipoolewa. Ila zamani alikuwa ananionya. Leo alikuwa ananiachia.

Nimetoka nyuma ya jiko nikalia. Mama mkwe amenikuta. Amenishikisha sufuria niioshe.

Ijumaa, 18 Septemba
Deo amefariki alfajiri.

Jumatatu, 28 Septemba
Matanga yamekwisha, watu wametawanyika. Tulimzika kibanjani, kwenye migomba ya nyumba yao, karibu na baba yake. Mvua ilinyesha wakati wa kutia udongo. Watu waliuliza nani atapiga picha. Kamera ilikuwa chumbani, na mimi ndiye pekee ninayeijua. Nikakataa. Nimechoka na majeneza. Sikutaka lake liingie kwenye trei zangu.

Leo mama mkwe amekaa anatazama ukuta. "Waitu Koku, jamani, nitasahau pua yake ilikaaje." Ningemkamata Deo kwa nguvu siku ile nikampiga picha, anune akinuna. Sikumkamata.

Sijui kama na mimi ninao ugonjwa huo. Wanasema kuna kupima. Sitaki kwenda.

Jumatano, 14 Oktoba
Nimerudi Kamachumu kwa ajili ya anga. Mama mkwe hakupenda. "Mjane na stendi begani, watasemaje?" Nikamwambia mwanao aliacha kazi nusu. Akafikiri. Akachukua fimbo yake. "Basi twende wote, wakisema watuseme wawili."

Mawe mawili yalikuwepo. La tatu halipo, mbuzi au watoto. Nimepiga magoti nikatafuta kwa vidole kwenye nyasi mbichi mpaka nikapata shimo la mguu wa stendi, dogo, limejaa maji. Nikarudisha miguu kwenye alama za kisu. Nikatazama kwenye kamera. Kisiwa kilikuwa palepale, pembeni, pale aliponiambia amekiacha.

Mawingu yalichelewa. Mama alikaa kwenye nyasi akasema rozari. Jua lilipokaribia kuzama yakainuka, tena yale makubwa. Nikapima anga. Nikapiga.

"Umempata?" mama aliuliza.

Nikasema nimepata mawingu.

Jumamosi, 17 Oktoba. Bukoba
Nimesafisha filamu zote mbili. Anga langu liko sawa. Nimeringa peke yangu, hakuna wa kumringia.

Kisha nikaweka ya Deo kwenye mwanga. Ardhi ni safi, mgomba mmoja mmoja unahesabika. Mimi nimesimama nimenuna. Na kwenye nyasi, kutoka chini ya picha mpaka miguuni pangu, kivuli. Stendi, na pembeni yake mtu, ameegemea kidogo, kofia kichwani. Bega la kushoto limeshuka, lile la kubebea begi la kamera.

Hangeruhusu hata siku moja. Angesogea, angechuchumaa, angesubiri. Siku ile hakuwa na nguvu za kuchuchumaa.

Jumanne, 20 Oktoba
Nimeharibu karatasi. Ya kwanza ina ukanda mweupe juu ya ziwa, kadibodi ilitulia. Ya pili nimetikisa mno, visiwa vimepotea kwenye moshi. Karatasi zilizobaki ni chache, na Mwanza hawajaleta nyingine. Nimefunga chumba. Nimemtukana Deo kwa sauti. Kufa ni kwake, kazi ni kwangu.

Jumatano, 21 Oktoba
Imetoka. Anga limekaa juu ya ziwa kama halijawahi kukaa kwingine. Siku mbili tofauti, na hakuna mshono. Nimeikata kama alivyoniagiza, nyasi za mbele zote nje, kivuli hakuna. Picha nzuri. Angeisifu kwa kukohoa kohoa hivi, maana kusifu alikuwa hajui.

Nimeitazama mchana wote na sikuipenda. Nimekatwa magotini, na yeye hayupo.

Alhamisi, 22 Oktoba
Nimechapa tena. Nzima. Sijakata kitu.

Jumatatu, 2 Novemba. Kamachumu
Siku ya kuwaombea marehemu. Baada ya misa nimempa mama picha, kwenye fremu. Nilijiandaa kumweleza: hii ardhi aliipiga yeye, hili anga mimi, na samahani kwa hicho cheusi hapo chini. Sikufika huko. Ameishika mbali, akaisogeza karibu, hakutazama ziwa wala mawingu. Ameweka kidole kwenye nyasi.

"Deo huyu. Bega lake hili."

Nikasema ndiyo.

"Hakukonda," akasema.

Kweli. Jua la jioni lilimrefusha, koti likampanua. Kwenye nyasi pale ni mzima kabisa, kama mwaka tuliooana. Mama amelia kidogo, kisha akaagiza msumari.

Fidelis ameigongelea juu ya kiti cha mama. Tumekula ndizi na maharage. Nje mvua, taratibu. Kesho narudi Bukoba, kuna watu wa Izimbya wanasubiri picha zao.