Mrija kwenye tenki la Pijo

Zuhra, uko wapi?

Si unakumbuka fundi Saady alipanua matundu ya kabureta ya Pijo kuukuu ya baba mkwe, ili itumie spiriti ya mihogo inayopikwa kijijini Heru Juu? Gari limelala uani, tenki linakauka!

Namuuliza Saady, ananijibu, "Dada Wini, spiriti huruka yenyewe." Huruka! Na kifuniko kimefungwa?

Nikawa namnusa mdomo kila akija. Hanuki kitu.

Leo nafungua tenki, nakuta mrija umezama humo. Mrija wa pombe, Zuhra! Ule wenye uzi mwekundu, anaokwenda nao baba mkwe kwenye harusi zote.

Na yeye ndiye aliyeng'ang'ania tuachane na petroli!

Saa hii ananiita. Anataka tenki lijazwe, eti Jumapili twende kanisani.