Vibanio vya Darasa la Nne

Jumatatu, 3 Juni

Wiki ya tatu na mbao zangu bado zipo ukutani! Fundi alisema kuta zile hazishiki msumari. Zimeshika.

Niandike ilivyo nisije nikasahau. Nje ya kila darasa kuna ubao wenye kadi tatu za boksi: jua, wingu, mvua. Kila mtoto ana kibanio cha nguo chenye jina lake. Asubuhi anakibana pale anapojisikia. Akiwa kwenye mvua, nakwenda kukaa naye kidogo. Basi. Mkuu aliponipa shughuli za malezi pamoja na Barua ya Ijumaa — ile karatasi ya habari za shule inayokwenda nyumbani kwenye mabegi — nilinuna siku mbili nzima. Kazi mbili, mtu mmoja! Sasa nazipenda kuliko hesabu ninazofundisha.

Leo darasa la nne, darasa langu mwenyewe: vibanio thelathini na vinane, vyote kwenye jua. Vyote! Nilisimama pale nikijipendeza kama mtu mwenye nguo mpya mbele ya kioo. Asante Mungu kwa kazi hii.

Ijumaa, 7 Juni

Barua imetoka. Kichwa cha habari kwa herufi kubwa: DARASA LA NNE LANG'ARA TENA. Mkuu aliisoma mstarini, darasa langu likajipigia makofi, la tano likaguna. Kisha akawakumbusha lile wazo langu la tangu wiki ya kwanza: darasa litakalokuwa na majua mengi hadi mwisho wa muhula ndilo litabeba bendera siku ya michezo. Kelele zilizopigwa!

Nyumbani Mama aliisoma barua akiwa ameishika mbali na macho, miwani hataki.

"Watoto thelathini na wanane, na hakuna hata mmoja aliyeamka vibaya? Mimi nilizaa wanne tu, na asubuhi ya namna hiyo sikuwahi kuiona."

Nilimwambia ana wivu na ubao wangu. Tulicheka.

Jumatatu, 10 Juni

Mpishi wetu, ambaye watoto wanamwita Mama Sufuria, aliniita dirishani kwake. Ni kuhusu Kidoti. Huyo ni wa darasa langu, ana alama nyeusi kidevuni, mwandiko wake kama umechapwa. Kila mapumziko anakuja kusimama mlangoni kwa jiko. Haombi kitu. Leo amepewa kikombe cha chai, akakishika mpaka kikapoa.

"Yule mtoto ana jambo, mwalimu."

Nikajibu — naona aibu kuandika — "Lakini asubuhi alikuwa kwenye jua."

Mama Sufuria alinitazama, mwiko mkononi. "Mambo ya jua mimi siyajui. Mimi naona mtoto."

Jumanne, 11 Juni

Leo nitaandika sana.

Wakati wa mapumziko nilimshika Redio, jirani yake Kidoti darasani na mtaani. Tunamwita Redio kwa sababu hajawahi kuzimwa. Niliuliza swali moja tu, taarifa yote ikamwagika. Mama yake Kidoti amelazwa, leo siku ya tisa. Atafanyiwa upasuaji keshokutwa. Baba amemwambia Kidoti yeye ndiye mkubwa, asilie mbele ya wadogo zake. Kwa hiyo analia chooni, shuleni. Akimaliza ananawa, halafu anakwenda kusimama jikoni ili joto limkaushe uso.

Joto limkaushe uso! Na mimi nilikuwa nimeandika "lang'ara tena".

"Lakini mwalimu," Redio akasema, amenishika mkono kabisa, "usimtoe kwenye jua! La tano watatupita!"

Nikamuuliza, kwani nani mwingine anaweka jua huku hana jua? Akanishangaa. Wote! Kiranja anasimama pale ubaoni kila asubuhi anakagua. Ukibana kwenye wingu unaambiwa unatuangusha. "Unaweka jua kwanza, halafu unahuzunika baadaye." Alisema hivyo kama anayenifundisha kufunga kamba za viatu.

Wiki tatu. Nimewafundisha watoto kuficha, na bendera juu.

Nilimwita Kidoti kwenye kile chumba cha vitabu. "Niko sawa, mwalimu." Mara tatu. Nikamwambia aliyekosea ni mimi, si yeye, si mtu mwingine yeyote. Akafikiri. Akauliza kama tutanyang'anywa bendera. Nikasema bendera hakuna tena, imekwisha. Hapo ndipo alipolia. Alilia kweli, kwenye blauzi yangu yenye chaki, mpaka kengele ikalia na mimi sikuinuka.

"Mama ataamka?" aliniuliza.

Nilitaka kusema ndiyo. Nikasema sijui, ila nitangoja pamoja naye. Hakuniachia mkono.

Nilimpigia baba yake. Ni fundi bomba, nilisikia maji nyuma yake. Akayafunga. Kisha akasema alidhani mtoto hana shida, maana alisoma kwenye barua yetu kwamba darasa zima lina furaha, akapata nguvu. Barua ameibandika mlangoni kwa friji.

Mlangoni kwa friji! Leo sina la kujitetea. Lakini nashukuru kwa Redio. Namshukuru Mama Sufuria na mwiko wake. Bila wao ningekuwa bado nahesabu majua.

Jumatano, 12 Juni

Nilikwenda kwa Mkuu kabla ya kengele, nimejiandaa kuchambuliwa kama mchele. Nikaeleza yote. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Na mimi nilipiga makofi," akasema.

Basi hivyo tu! Akaniambia nisingoje Ijumaa. Kufikia saa tatu printa ilikuwa inatoa barua fupi kuliko zote nilizowahi kuandika: Tulifanya mashindano ya furaha. Tulikosea. Yamefutwa. Mtoto wako akikuambia yuko sawa, kaa naye kidogo, umuulize tena. Mkuu alitia sahihi juu ya jina langu, akasema kama kuna wa kupigiwa simu za hasira ni yeye. Nilikuwa nimemsema sana Mkuu huyu, hata humu. Nayafuta.

Kisha darasani. Niliwaambia kosa langu nikiwa nimesimama, mikono nyuma, kama wanavyosimama wao. Kiranja akanyoosha kidole.

"Kwa hiyo wingu haliangushi?"

Haliangushi.

Akatoka nje, mwenyewe, akahamisha kibanio chake. Paka wake amepotea tangu Jumapili. Na mtoto huyo ndiye aliyekuwa akiwakagua wenzake! Baada yake ikawa foleni. Kufikia mchana: mawingu kumi na moja, mvua nne. Ubao wenye hali mbaya kuliko zote shuleni, na sijawahi kuupenda namna hii. Nimekaa na wale wanne mmoja mmoja. Mmoja alitaka tu kusema kwamba anaogopa mbwa wa kona ile.

Kidoti hakuhamisha. Nilimwacha.

Mama nimemsimulia yote wakati tunakunja nguo. Hakusema "si nilikuambia". Kwa Mama, hiyo ni medali.

Alhamisi, 13 Juni

Saa moja na nusu. Naandikia ofisini. Kidoti amekuja! Baba yake alimwambia anaweza kubaki kwa shangazi, akasema anataka shule. Upasuaji ni saa mbili. Baba atapiga simu ya hapa ofisini daktari akitoka.

Saa mbili na robo. Nimemkuta ubaoni na kibanio mkononi. Wenzake wameshaingia. Si jua, si wingu.

"Mvua?" nikauliza.

"Mvua ni kama jambo limeshatokea," akasema. "Mimi nasubiri tu. Ya kusubiri ipo?"

Haipo. Kwa wiki nne sikuiwazia. Nikachukua boksi tupu la chaki na mkasi, nikakata kadi, nikamuuliza nichore nini. Akachukua kalamu mwenyewe. Akachora benchi. Refu, miguu minne, mmoja umezidi.

"La hospitali?"

"Benchi tu, mwalimu. La kukalia."

Tumelibandika chini ya mvua. Akabana jina lake. Nami nikabana langu — nilijitengenezea kibanio jana, nikaona nisiwe mtazamaji tu.

Saa nne na nusu. Mapumziko. Simu hakuna. Nimempigia baba, haipokelewi. Nimemwambia Kidoti ukweli: bado hatujui. Ameitikia kwa kichwa.

Redio alikuwa wa kwanza. Hakusema neno — Redio! — alibana jina lake karibu na la Kidoti akaondoka. Kisha kiranja. Kisha wale wa mvua, wawili. Mama Sufuria akatoka jikoni na kibanio cha kweli cha kambani kwake, bado kina maji, hakina jina. Akasema yeye wanamjua. Mkuu amepita na tai yake, amesimama, ameuliza wanauza wapi vibanio.

Sasa viko kumi na tisa. Kadi imepinda kwa uzito.

Saa tano kasoro kumi. Karani amefungua milango yote miwili ili simu isikike hadi darasani. Kila ikilia, darasa zima linaacha kuandika. Imelia mara mbili. Mara ya kwanza mzazi anauliza soksi za michezo. Mara ya pili imekatika.

Leo Kidoti amekunywa chai yake ikiwa moto. Sasa yuko ubaoni tena, ameniomba kalamu. Anaongeza miguu kwenye benchi. Anasema tumekuwa wengi, litavunjika.