Anayefagia Tukiwa Hatupo

Jumatatu, 3 Machi
Tumehamia! Chumba, sebule na jiko. Mimi niliyelala bandarini, stendi, hata juu ya magunia ya vitunguu – leo nina mlango wangu. Nimeufunga kufuli ambalo hata jini atabisha hodi. Fundi kufuli ni mimi, mji mzima unanijua. Mke wangu, mkono tumboni, anasema nyumba haina harufu yetu bado. Nikamwambia subiri nivue viatu. Kacheka mpaka kashika ukuta.

Jumatano, 5 Machi
Kiti. Asubuhi kilikuwa mezani. Tumerudi kutoka kazini, kiko dirishani, kimeelekea nje. Mke wangu anasema ni mimi, mimi nasema ni yeye. Tukataniana weee. Halafu tukaona sakafu imefagiwa, sufuria zimepinduliwa vizuri kwenye rafu. Mwizi gani anafagia? Kufuli halijaguswa. Lingeguswa ningejua.

Alhamisi, 6 Machi
Tena! Na kitanda kimesogezwa ukutani. Nimebadilisha kufuli, nimeongeza komeo. Skrubu ilinidondoka mara mbili – mimi! Nimemuuliza mama mwenye nyumba. Eti mja mzito husahau mambo, baba, mvumilie mkeo. Aliyekuwepo kabla yetu ni bibi kizee tu, mwanawe kamchukua akaishi naye mtaa wa pili.

Ijumaa, 7 Machi
Mto wangu ulikuwa na joto.
Tumerudi mapema, nikaugusa – joto! Mke wangu kafungasha. Hawezi kuzalia mahali pasipomtaka, anakwenda kwa dada yake. Kesho atapita kuchukua nguo za mtoto. Nikiwa nimemkamata huyo mtu, atabaki. La sivyo, nisimfuate. Nikajaribu mzaha. Hakucheka.

Jumamosi, 8 Machi
Nilijifanya nakwenda kazini, nikarudi, nikajificha nyuma ya pazia na nyundo. Macho yote kwenye kufuli.
Mlangoni hakuja mtu! Mkono ulipita dirisha la jikoni, ukazungusha nondo moja, ukaichomoa taratibu kama kijiko kwenye chai. Mimi na makufuli yangu yote, dirisha sijawahi hata kulitazama. Akaingia bibi kizee, kandambili mkononi. Alipokanyaga hakutazama chini, kama mtu aliye kwake. Akafagia. Akasogeza kiti. Nikapiga chafya.
Nilidhani atapiga kelele. Kumbe akanikimbilia!
“Afadhali umekuja, mwanangu. Funga, funga. Kuna watu wanaingia humu.”
“Watu gani, mama?” Sijui kwa nini niliitikia hivyo.
“Siwajui. Wanahamisha vitu vyangu. Wameleta kitanda kisicho changu. Nikitoka kidogo tu, wanaingia. Naogopa kulala.”
Kumbe anaogopa kuliko mimi. Nimemkalisha kitandani, kanishika mkono wa kushoto, haachii. Naandika kwa wa kulia, daftari gotini. Nilitaka kumwambia: mama, hao watu ni sisi.
Badala yake nimemwambia nitakwenda kumwita mwanawe. Kasema mwanangu si wewe?
Mlango unagongwa.
“Mume wangu, fungua! Umemkamata?”
Bibi kajificha nyuma ya mgongo wangu. Kucha zake zimenizama mkononi. Ananong'ona, “Ndio hao. Usiwafungulie.”
Mke wangu anagonga tena. Sasa anaita jina langu, na sauti yake imeanza kuogopa.