Kamera Usiifungie Sandukuni

Mashamba ya miwa, Kilombero
7 Novemba 1999

Mpendwa mke wangu, Mama Aline,

Nusu mwaka umepita tangu nikuache pale kituo cha mabasi Gisenyi, Aline amelala mgongoni mwako na wewe umeshika kigoda chetu mkononi, kwa sababu tulikuwa tumetoka kumpiga picha fundi cherehani na hukuwa na muda wa kukirudisha nyumbani. Hiyo ndiyo picha yako ninayoibeba kichwani. Nikiinua panga asubuhi naiona, nikilitua jioni naiona.

Barua yako imenifikia wiki iliyopita, bahasha imechakaa kama imekuja kwa miguu. Nimeisoma mara nyingi, maana mimi niliishia darasa la tano na mwandiko wako unakimbia. Lakini swali lako nimelielewa tangu mara ya kwanza. Shemeji, kaka yako mkubwa, amekuambia uifungie kamera sandukuni, ukauze sambaza, vile visamaki vya ziwani, sokoni kama wanawake wengine, kwa kuwa mwanamke anayezunguka mji peke yake akiwatazama watu usoni lazima atasemwa. Nawe unaniuliza: niiweke?

Hapana. Usiiweke. Ningeweza kuliandika neno hilo moja na kufunga bahasha, lakini shemeji ataomba sababu. Basi msomee barua hii, yote.

Kwanza mkumbushe kamera ni ya nani. Marehemu baba yenu alikuwa na watoto wa kiume wanne pale Goma, na kamera akakuachia wewe, kwa sababu wewe ndiwe uliyekaa naye studio mpaka ukajua kuweka filamu bila kuangalia vidole. Mimi nilipokuoa niliikuta tayari shingoni mwako. Nilikuwa nimerudi kutoka Karagwe na Kiswahili changu ulichokiita cha redio, sina kazi, na siku ya tatu ukanipa kigoda nibebe. "We uko na mabega ya bure," ulisema.

Sasa nataka umkumbushe ile siku ya mukecuru, yule bibi kizee wa Nyakiriba. Shemeji hakuwepo, nami nilikuwepo.

Ilikuwa kabla ya Noeli, mwaka jana. Vilima vilikuwa vimeanza kutulia baada ya vita na watu walikuwa wanashuka tena na viazi. Yule mukecuru alikuja sokoni na mjukuu wake wa kike, msichana mrefu, mnyamavu. Alikusimamisha mwenyewe. Alisema kwa Kinyarwanda kwamba picha zake zote zilipotea njiani wakati wa kukimbia, za mumewe, za watoto, za harusi, na kwamba hana hata karatasi moja yenye uso wa mtu wake. Mjukuu ndiye pekee aliyebaki naye, na keshokutwa alikuwa anaondoka na gari la masista kwenda shule Kibuye. Alitaka picha mbili zinazofanana, moja ibaki naye, moja iende na msichana. Zisipokuwa tayari keshokutwa, alisema, basi usijisumbue.

Ulimkalisha kwenye kigoda mbele ya ukuta wa mawe meusi, msichana akasimama nyuma yake na mkono begani. Ukapiga. Hapo ndipo nilipokuona unaangalia namba juu ya kamera na uso ukabadilika. Filamu ilikuwa mpya. Nafasi karibu zote zilikuwa bado tupu, na labo ya picha iko Goma, na kwa kuwa kuosha hulipiwa filamu nzima, haipelekwi labo ikiwa tupu, kila mpiga picha wa mji wetu anajua hivyo. Wengine wangemwambia mukecuru arudi wiki ijayo. Wewe uliniangalia ukasema, "Papa Aline, leo tunatembea muji yote. Beba kiti."

Tukatembea. Nakumbuka ile siku kuliko siku ya harusi yetu, nisamehe kwa kusema hivyo. Tulianzia sokoni, tukapanda Mbugangari kwenye vichochoro vya vumbi jeusi, nyumba kwa nyumba, wewe mbele, mimi na kigoda nyuma. Nilikuwa nimeishi mji ule miaka miwili na sikuujua. Nilijua njia ya kwenda sokoni na njia ya kurudi. Wewe ulijua mlango gani una mtoto mchanga, veranda gani ina mafundi cherehani, nani amenunua koti. Uliwasimamisha watu kwa majina yao. Kinyozi alitaka asimame chini ya kibao chake kipya. Kijana mmoja aliyerudi kutoka Uganda, mwenye duka, alivaa miwani ya jua akaegemea friji, halafu akaomba tufungue mlango wa friji ili soda zionekane. Yule baba wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, unamkumbuka? Aliipaka mafuta magurudumu, akaifuta kwa shati lake, ukamwambia apande, akakataa. Alitaka chukudu ipigwe peke yake. Ulimwuliza kama ataivalisha na shela ya harusi, na mtaa mzima ukacheka, naye akacheka kuliko wote, lakini hakupanda.

Kwaya ya kanisani tuliikuta inatoka mazoezini, ukawapanga kwenye ngazi warefu nyuma. Tukashuka ziwani, chini ya minazi ile mirefu, wapenzi wakakaa mbali mbali ulipowasogelea na wakakaribiana ulipoinua kamera. Hakuna aliyekuogopa. Nami nilichoka, nilikuambia kigoda kimekuwa kizito, ukanijibu kwamba kigoda hakijaongezeka kitu, ni mimi niliyepungua.

Saa tisa na nusu filamu ilikuwa imebakiwa na nafasi moja, na tulikuwa tunakimbilia Petite Barrière, kile kivuko kidogo cha mpakani, tuvuke kwenda labo kabla ya kufungwa. Foleni ya wanawake ilikuwa ndefu, mabeseni ya nyanya vichwani, jua linawapiga ubavuni. Nilikuona unapunguza mwendo. Nilijua. Nilitaka kukuambia hapa mpakani hapana, ila mkono wako ulikuwa umeshainua kamera. Hukuwahi hata kubonyeza. Mwanajeshi alitokea upande wa kibanda, akaishika kamera kwa mkanda, akaivuta mpaka ukainama.

Alisema mpakani hakuna picha. Akatafuta kidude cha kufungulia mgongo wa kamera, na alikijua kilipo. Watu wa foleni wakageuka. Mimi nilisimama na kigoda kifuani, nikihesabu moyoni kwamba mukecuru amekwisha, kwaya imekwisha, chukudu imekwisha. Hili namtaka shemeji alisikie vizuri, yeye anayesema kamera inataka mwanamume pembeni. Mwanamume alikuwa pembeni. Alikuwa ameshika kiti.

Wewe hukupiga magoti wala hukupandisha sauti. Ulisema, "Chef, nimekosa, ni kweli. Lakini ukifungua hapo, jua itaingia na wote watakufa. Iko mukecuru mumoja ndani, wa Nyakiriba. Mujukuu wake anaenda keshokutwa, na hana picha ya mutu hata mumoja. Bon, fungua. Lakini kesho we mwenyewe utapanda kule kumuambia."

Aliacha kidole pale pale. Akakuangalia, akaniangalia mimi.

"Na huyu ni nani?"

"Bwana yangu. Anabeba kiti."

Foleni ilicheka kwanza, kisha yeye akashindwa kujizuia. Akauliza, sasa kwa sauti ya mtu wa kawaida, kama ungempiga na yeye, pale pale, na bunduki yake. Mtu mwingine yeyote angekubali mara moja ili aondoke. Wewe ulikataa. "Hapa umesema hakuna picha, chef. Dimanche ukuje ku beach, uache bunduki nyumbani, uvae shati. Nitakupiga muzuri, utumie mama yako." Akakurudishia kamera. Ile nafasi moja uliiacha ipotee, tukavuka tukaiacha filamu labo.

Na Jumapili alikuja, unakumbuka, shati limepigwa pasi mpaka mistari ya mikono inasimama. Alisema mama yake yuko Mbarara na hajui mwanawe amenenepa.

Asubuhi ya siku ya safari ya msichana tulichukua picha labo, tukapanda Nyakiriba na matope ya mvua ya usiku. Masista walikuwa hawajafika. Mukecuru aliishika picha kwa ncha za vidole, akaisogeza, akaitazama kwa muda, akasema, "Huyu ni mimi? Nimezeeka bila mtu kuniambia." Kisha akacheka na kulia kwa pamoja, akainama akaweka kidole juu ya mkono wa msichana uliokuwa begani mwake, hapo kwenye picha, na hakukiondoa. Msichana alitia ya kwake ndani ya kitabu cha nyimbo. Wewe ulisimama mlangoni unafuta matope kwenye kiatu kama mtu aliyeleta chumvi. Nilijivuna nikakosa pa kuweka mikono, kwa bahati nilikuwa na kigoda.

Sasa mwambie shemeji: mwanamke huyo ndiye unayetaka akae nyuma ya karai la sambaza? Watu watasema, ndiyo. Walishasema mimi nikiwepo, walisema mume gani huyu. Waliposema hayo, kesho yake walikuita uwapige watoto wao picha ya ubatizo. Na kama huna wa kubeba kigoda, waambie wasimame.

Mimi hapa nimechoka, sitakuficha. Miwa inachomwa kabla ya kukatwa, kwa hiyo jioni sote tuna rangi moja ya masizi, na majani yanakata mikono mpaka kushika kalamu ni kazi. Hakuna anayempiga mtu picha hapa. Wenzangu wengi hawajui sura za watoto wao wadogo zikoje sasa. Lakini mimi ninayo moja, imebandikwa ukutani juu ya mkeka.

Unaijua. Tulikuwa tumerudi kutoka Goma jioni ya siku ile ya mpakani, tukapumzika ziwani, ukaweka filamu mpya. Una desturi yako: ile picha ya kwanza kabisa, kabla ya namba moja kutokea, huwa haiuzwi kwa sababu mwanga umeshaigusa, huenda ikatoka, huenda isitoke, na wewe huiita ya nyumba. Mara zote ulikuwa ukipiga chochote, mguu wangu, sufuria, paka. Siku hiyo nilikuomba kamera. Nikakukalisha kwenye kigoda, viatu vimejaa vumbi, hukutaka kutabasamu, ukaniambia nisitetemeke. Ilitoka nusu. Upande wa kulia uko wewe, mzima, umechoka, ziwa nyuma yako. Upande wa kushoto ni mweupe tu, mwanga umekula. Wenzangu huuliza mbona imeharibika. Nawaambia haijaharibika, hapo ni pangu.

Kwa hiyo ukipata barua hii, kesho yake toa kamera, ifute, itundike shingoni, toka nayo mchana kweupe upite mbele ya mlango wa shemeji. Aline mwache kwa jirani, au mchukue, azoee kutembea.

Miwa itakwisha mwishoni mwa Februari. Wiki ya kwanza ya Machi nitavuka mpaka wa Rusumo, na kabla ya Jumapili ya pili nitakuwa Gisenyi. Siku hiyo weka filamu mpya, na ile ya nyumba usiipige mpaka niketi.

Mume wako, mbeba kigoda,
Papa Aline