Ngoma Iliyonyamaza Nateete

Nateete, Kampala

Kwa Baba yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima, Baba, wewe na Mama. Mgongo wako umepoa? Na Mama, kifua kimemwachilia sasa mvua zimepungua? Sisi tu wazima, na mke wangu Rispa anakusalimu. Barua hii nimempa dereva wa lori tunayemwamini akukabidhi mkononi, maana za posta siku hizi husomwa na macho mengi kabla ya yako.

Uliniuliza kwa ukali kama bado napiga ngoma kanisani. Hapana, Baba, sipigi. Usikunje uso, soma kwanza. Redio ilitangaza kwamba serikali ya kijeshi imeyapiga marufuku makanisa kama letu. Tangu hapo tunakutana wachache sebuleni kwa Mama Nakato, mwenye nyumba wetu, na ng'ambo ya ua wake anakaa mwanajeshi. Hatuimbi. Ile ngoma uliyoniwambia kwa mikono yako imepinduliwa jikoni, imejaa maharagwe.

Mwanzoni nilidhani kunyamaza ni kazi rahisi. Wee! Unanijua mwanao, hata kula nakula kwa kelele. Nikikaa kidogo tu, vidole vinaanza kugonga goti, na Rispa ananifinya.

Kisha askari wakamchukua Haruni, kaka yake Rispa, ninayeshona naye viatu Wandegeya. Alikuwa kwenye foleni ya sukari, wakamsikia anavyozungumza Kiswahili cha kwetu Kenya, wakasema Mkenya huyu ni mpelelezi. Wakamtia kwenye gari, basi. Tulizunguka kituo hadi kituo, na kila mahali jibu ni moja: "Hapana jua." Niliogopa, Baba, mpaka chakula kikawa kama gunzi mdomoni. Kwenye maombi nilikaa kinywa kimefungwa, kumbe ndani nagombana na Mungu, na yule jirani mwanajeshi nimeshamuua mara nyingi kwa mawazo.

Mama Nakato aliniona. Alikuwa akifunga matooke, zile ndizi zao za kupika, kwenye majani ya mgomba, tayari kuyaweka motoni.

"Weye, mudomo nanyamaza," akasema kwa Kiswahili chake cha Kiganda, "lakini moyo nafanya kerere mingi."

"Mama, nitatulia vipi? Haruni hajarudi."

"Matooke naiva namna gani? Weye nafunika, naacha mvuke nafanya kazi. Kama kila saa nafungua majani naangaria, haiivi. Haruni iko mukono ya Mungu. Funika, ssebo, bwana. Wacha kufungua-fungua."

Nilicheka, kisha nikalia mbele yake bila haya. Tangu siku ile ninajifunza. Hofu ikija siifukuzi wala siichunguzi. Namtajia Mungu jina la Haruni mara moja, kisha namwachia. Si kwamba hofu iliisha. Lakini nilianza kulala, na asubuhi moja nikamsalimu yule mwanajeshi bila sumu moyoni. Alishangaa, akaitikia.

Jumapili iliyopita tumeketi hivyo kimya, mlango ukafunguliwa. Haruni! Amekonda, jino moja halipo, shati si lake. Alipita akaketi mahali pake kando ya dada yake. Baba, hujui furaha inavyouma ikikosa sauti. Ningekuwa nyumbani ningeipasua ngoma. Rispa aliuma leso. Mama Nakato alilia mabega yakitikisika. Mimi nilimshika Haruni mkono, nikampigia kiganjani kwa vidole viwili, polepole, ule mdundo wa shukrani ulionifundisha. Akautambua. Akanijibu kwa kidole chake.

Kwa hiyo usiseme kanisa letu limekufa. Nisalimie Mama, dada yangu mwalimu, na shangazi muuza vyungu, mwambie sijasahau alivyonicheka, deni hilo nitamlipa. Haruni akipata nguvu tutamtuma huko mumlishe.

Nina ombi moja. Jumapili utakayokuwa na barua hii mkononi, chukua ngoma kubwa umpigie Mungu kwa ajili ya Haruni. Piga kwa nguvu zako zote, usijali majirani. Sisi huku tutakuwa tumenyamaza, tunaisikia.

Ni mimi, mpiga kelele wako,
Elisha